Koleta na Kabichi ya Urais

Kwanza kabisa, acheni kupuliza maiki. Maiki si chai. Na acheni kuigonga kwa kidole huku mnasema "helo, helo, moja, mbili", kama mnamwamsha mgonjwa. Mzee Salehe, aliyenifundisha kazi hii, alijaribu maiki kwa kusema "Asalamu alaikum, Tumsifu Yesu Kristo" kwa pumzi moja, kisha akatega sikio. Uwanja ukiitikia, alikuwa amejua mambo mawili kwa mpigo: vyombo vizima, na waliokuja ni kina nani. Nyinyi mkipuliza mnajua nini? Mnajua mna pumzi.

Mmeniaga juzi kwa keki na saa ya ukutani, mkaniomba niandike chochote kuhusu miaka yangu ya vipaza sauti hapa Morogoro. Keki ilikuwa nzuri. Saa imeshasimama, nitaifungua nikipata nafasi. Habari za vyeo hamtazikuta humu, maana dukani kwetu vyeo vilikuwa viwili tu, Mzee na wasio Mzee. Za mshahara pia naziacha, nisije nikawaharibia hamu ya kazi. Nitaandika jambo mnaloniuliza kila uchaguzi unapokaribia: "Fundi Shabani, wewe umefunga spika mikutano yote, nani atashinda?" Nami huwajibu kwamba sijui. Aliyekuwa anajua alikuwa muuza kabichi, na jina lake Koleta.

Mimi nilitokea kiwandani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, madukani sabuni za kila rangi, mitumba imemwagwa mpaka barabarani, na viwanda vya mji wetu vinafungwa kimoja baada ya kingine. Nilikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo. Asubuhi moja tukakuta geti lina kufuli jipya, na mlinzi, ambaye jana yake tu alikuwa ananiomba sigara, akatuambia twende nyumbani, tutaitwa. Bado nasubiri kuitwa.

Nikaenda kwa Mzee Salehe, njia ya kuelekea Kilakala. Zamani alikuwa mwendesha gari la sinema la serikali, lile lililozunguka vijijini kuonyesha filamu za kilimo bora, watu wakaja kuangalia trekta wakaondoka wameangalia trekta. Gari lilipokufa alinunua vipaza sauti vyake mnadani, zile tarumbeta za bati zenye mdomo mpana, akafungua duka la kukodisha. Siku ya kwanza alinipa tarumbeta moja akasema inakoroma, niitengeneze. Nikafungua nyuma, nikapima waya, nikapima koili, vyote vizima. Mwisho nikaingiza mkono mdomoni mwa tarumbeta, nikakutana na nyigu. Nilipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Mzee akaniletea kitunguu cha kupaka, akasema, "Haya, umeajiriwa. Sauti yako inafika mbali."

Kanuni yake ilikuwa moja: fundi hana chama mpaka vyombo virudi stoo. Na ilikuwa kanuni ya kweli, maana vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa na kila chama kilitaka kelele. Jumamosi tunafunga vitambaa vya hawa, Jumapili tunavifungua tunafunga vya wale, Jumatatu mkutano wa injili, Jumanne maulidi. Sauti ni ileile kwa wote, kitasa cha kuongezea sauti kinaishia palepale. Mzee alikuwa amechora mstari mwekundu kwenye amplifaya, na kuuvuka mstari ule kulikatazwa kabisa. Alisema ukivuka, tarumbeta inapasuka, na anayesikilizwa hapaswi kupiga yowe.

Kazi ngumu ya kwanza ilikuwa Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Mgombea ubunge mmoja alitaka kuhutubia huko juu, kijiji cha misheni. Lori la mboga likatufikisha mwisho wa barabara, kuanzia hapo tarumbeta zikapanda vichwani mwa watu na betri begani kwangu. Njia ya miguu ya Mgeta inasimama wima. Ukikohoa unarudi ulikotoka. Tulipofika nikafunga tarumbeta mbili juu ya mti wa mpichesi, nikazielekeza bondeni ili hata wanaolima mteremko wa ng'ambo wasikie. Nilijivunia sana mpango huo.

Mgombea akashika maiki, akasafisha koo, akanguruma: "Nikichaguliwa, nitawaletea barabara!"

Basi kutoka ng'ambo ya bonde, kwenye shamba la kabichi, akainuka mwanamke mmoja, mkono kiunoni na jembe mkononi, akajibu bila kipaza sauti chochote, tena kila herufi ikatufikia:

"Ileile ya mwaka ule?"

Jamani. Wazee walicheka mpaka wakashikana mabega. Padre aligeuka kuangalia kanisa lake kama halijawahi kuliona. Mgombea akaiacha barabara, akaingia kwenye ahadi ya zahanati, na kila alipotaja kitu watu wanageuza shingo ng'ambo kusikiliza kama kuna majibu. Mzee Salehe alinong'ona, "Yule hahitaji maiki. Ndiyo maana anafaa kupewa."

Jioni tuliteremka na lori lililojaa mboga, na juu ya kabichi alikuwa amekaa mwanamke yuleyule. Mwembamba, kanga kichwani, rozari shingoni, mkubwa kwangu kwa umri. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniangalia miguuni mpaka kichwani.

"Wewe ndiye fundi wa yule mwenye barabara?"

"Ndimi, dada."

"Mwambie namwombea afike salama. Kubeba barabara yake kwa njia kama hii, ana kazi."

Huyo ndiye Koleta. Mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Agnesi aliyekuwa anasoma sekondari ya wasichana pale Kilakala, na mwenye meza sokoni mjini, meza aliyoirithi kwa mama yake. Shamba Mgeta, meza Morogoro, na maisha yake yote yalikuwa yanapanda na kushuka na lori la mboga. Akikosa meza, kabichi zinaozea mlimani na Agnesi anarudi nyumbani kulima. Mambo yalikuwa hivyo tu, wala hakuyaficha.

Sasa, sokoni tulikuwa tumefunga tarumbeta moja juu ya nguzo kwa ajili ya matangazo: mtoto kapotea, lori la Mgeta limekwama, mwenye baiskeli aiondoe mlangoni. Mtangazaji wetu alikuwa mzee mwenye kikohozi, na matangazo yote yalitoka nusu. Mzee Salehe akamshawishi bwana soko, yaani msimamizi wa soko, ampe Koleta maiki asubuhi asubuhi kabla wateja hawajawa wengi. Bwana soko akakubali bila kuuliza mengi. Alikuja kujuta, halafu akajuta kujuta.

Kwa wiki ya kwanza Koleta alitangaza watoto na baiskeli vizuri kabisa. Wiki ya pili akaanza kupima urais.

Alitundika mizani yake ya kuning'iniza mbele ya meza, akasema kwenye maiki: "Wateja wangu, habari za asubuhi. Tunaambiwa mwaka huu tutachagua rais kati ya wengi, na sisi tumezoea kuchagua kati ya mtu na kivuli, ndiyo au hapana. Msihangaike. Mimi napima, nyinyi mnaangalia." Akaweka pichesi. "Huyu ni yule kijana anayejaza viwanja. Ona rangi. Kila mtu anataka kumshika. Wanamshika, wanamnusa, wanambonyeza, wanampitisha mkono kwa mkono. Jioni nikihesabu, hajanunuliwa, na amebonyea upande." Akaitoa, akaweka njegere. "Huyu ni yule msomi. Mtamu, sibishi. Lakini umenye mpaka vidole viume, upate kisahani." Halafu akainua kabichi kwa mikono miwili, akaitundika, mizani ikashuka kwa kishindo. "Na huyu ni wa chama kikongwe. Jamani, nani kati yenu ameshawahi kuota kabichi? Nani amemwambia mchumba wake, mpenzi, nitakununulia kabichi? Hakuna. Hakuna anayeipenda. Lakini nichungulie kapu la kila mama anayetoka hapa, chini kabisa nitakuta nini? Inajaza sufuria, haiharibiki upesi, na tumeshazoea harufu yake."

Nilikuwa juu ya ngazi nakaza waya. Nilicheka nikaangusha bisibisi, karibu imtoboe muuza dagaa.

Kila siku ya soko akapima upya. Pichesi ikipata mkutano mkubwa, anaibadilisha anaweka kubwa zaidi. Kabichi ikitoa ahadi, anabandua jani moja la nje, "hili la maji", anabandua la pili, "hili la shule", anabandua, anabandua, mpaka anafika kwenye kile kishina kigumu cha katikati anakionyesha watu bila kusema neno. Wale waliopunguzwa viwandani, waliokuwa wanashinda sokoni kwa kukosa pa kwenda, walikuwa wanafika alfajiri kushika nafasi. Wapinzani walimkasirikia kwa kusema pichesi haitanunuliwa. Wa chama kikongwe walimkasirikia kwa kabichi. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa anasema kile ambacho sisi sote tulikuwa tunakisema nyumbani, tukiwa tumefunga dirisha.

Umaarufu ukatoka nje ya mji. Siku moja nilipelekwa Dumila kutangaza mkutano, nimeegesha pikapu pale njia panda, mabasi ya Dodoma yanasimama, wauza nyanya wanakimbilia madirisha. Abiria mmoja akaona tarumbeta zangu akauliza, "We, umetoka Morogoro? Mama Kabichi anasemaje wiki hii?" Nikamwambia njegere imeongezeka kidogo. Habari ikaondoka na basi.

Hapo ndipo anapoingia Bwana Maganga. Alikuwa mratibu wa kampeni wa chama kikongwe mkoani kwetu, mtu wa suti ya Kaunda na kofia nyeusi ya kitambaa, aliyekulia Dar es Salaam na aliyepewa mkoa wa Morogoro uwe salama kama mtu anavyopewa mtungi wa maji auvushe mtoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu, na mtu mwenye hofu anayeamini kazi yake hasikii utani. Alikuja sokoni na bwana soko nyuma yake, akasimama mbele ya meza, nami niko palepale nabadilisha betri.

"Mama, unamwita mgombea wetu kabichi."

"Shikamoo, baba. Ndiyo. Na nimesema atashinda. Wengine wote wamenuna, wewe ulitakiwa ununue hata mbili."

"Hili si jambo la mzaha. Jumamosi mgombea mwenyewe anakuja. Utapanda jukwaani uombe radhi mbele ya watu wote. Usipofanya hivyo, meza hii atapewa mwingine. Bwana soko yupo hapa, anasikia."

Bwana soko alikuwa anaangalia viatu vyake. Koleta hakujibu upesi, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu sikuwahi kumwona Koleta akichelewa kujibu. Akafuta mizani kwa pembe ya kanga.

"Nitakuja," akasema.

Maganga alipoondoka nikamwuliza atafanyaje. Akaniambia, "Mdogo wangu, Agnesi ana mtihani mwaka huu. Nitaomba radhi." Akaanza kupanga karoti ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilitamani kumrukia yule bwana, kweli tena. Lakini vyombo vya Jumamosi vilikuwa vyetu, na fundi hana chama mpaka vyombo virudi stoo.

Jumamosi ilifika na watu wakajaa kuliko nilivyowahi kuona. Mlimani walishuka kwa malori, wanawake wa Mgeta wamekaa mbele kabisa na vikapu vyao, kwa sababu habari ya kwamba Koleta analazimishwa kuomba radhi ilikuwa imepanda mlima upesi kuliko lori lolote. Mgombea, kama wagombea wote, alichelewa. Maganga akaona ndio wasaa, akamwita Koleta jukwaani. Mimi niko chini ya turubai na amplifaya, Mzee Salehe pembeni yangu kwenye kiti cha kukunja.

Koleta akapanda. Amevaa gauni la kanisani, kapu mkononi. Akashika maiki vizuri, mbali kidogo na mdomo, kama nilivyomfundisha. Hakupuliza.

"Nimeitwa niombe radhi," akasema. "Naomba radhi." Maganga akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Koleta akatia mkono kapuni, akatoa kabichi, akaiinua. "Naomba radhi, kabichi. Nimekusingizia. Wewe hujawahi kuniahidi kitu ukaacha kunipa. Hujawahi kunichelewesha juani. Na siku zote nikikuita, unakuja mwenyewe, hutumi mratibu."

Uwanja ulilipuka. Maganga akageuka kwangu, mishipa ya shingo imesimama. "Fundi, zima! Zima!"

Aliyelipia ndiye mwenye mkutano, ndivyo kazi ilivyo. Nikamwangalia Mzee Salehe. Mzee, ambaye alikuwa anaona ufa wa waya kwa macho matupu, alikuwa amevua miwani anaifuta, haoni kitu kabisa, masikini. Basi nikatii. Nilianza kutafuta swichi. Niliitafuta kwenye amplifaya, nikaitafuta kwenye betri, nikainama kuitafuta chini ya meza. Swichi hiyo niliifunga mwenyewe kwa mkono wangu, lakini siku hiyo, sijui, sikuwa na bahati nayo.

Koleta akamwona Maganga anamjia. Akalikumbatia kapu. Na maneno aliyosema hapo hakuwa ameyapanga, aliniapia baadaye.

"Baba, kabla fundi hajazima, niambie kitu kimoja tu. Kwenu wapi?"

Mwanasiasa hawezi kuulizwa kwao mbele ya umati akanyamaza. Maganga akasimama, akatoa kifua mbele, akasema karibu na maiki: "Tabora! Mimi Mnyamwezi, baba na babu!"

Halafu mwanamke mmoja wa Mgeta akasimama mbele kabisa, akapiga kigelegele kirefu, akapaza sauti: "Heee! Kumbe mtani!"

Vijana wengine mmekulia mjini, ngoja niwaambie. Mluguru na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao Wanyamwezi wanapita hapa na mizigo kwenda pwani. Mtani anakuambia lolote, hata msibani, hata mbele ya wakwe zako. Anachukua hata kitu chako mpaka ukikomboe. Na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Bwana Maganga alikuwa ameongoza kampeni nzima ya Uluguru bila kukumbuka kwamba huku ndiko mahali pekee duniani ambako hana ruhusa ya kukasirika. Kosa hilo mtu wa huku halifanyi. Linafanywa na aliyekulia Dar akajifunza watu kutoka kwenye ripoti.

"Mtani amekasirika!" wakapiga kelele. "Mtani katishia meza! Faini!" Wanawake wakapanda jukwaani kama wanavuna. Mmoja akavua kofia ya Maganga akaivaa. Mwingine akamvua kiatu cha kushoto, akakitia kapuni juu ya kabichi. Walinzi walitaka kuingilia, mkuu wao, ambaye nadhani alikuwa Msukuma na utani anaujua, akawazuia huku anacheka. Koleta akasema kwenye maiki, kwa sauti yake ile ya sokoni: "Mwangalieni mtani wetu! Babu zake walibeba mizigo ya watu kutoka bara mpaka pwani. Leo kapanda gari, kavaa suti, bado anabeba mzigo wa mtu!"

Maganga alisimama na kiatu kimoja. Uso wake ulipita rangi zote. Sikujua atalia au atapiga mtu. Mkono wangu sasa ulikuwa kwenye swichi kweli, kwa sababu niliogopa. Kisha kitu kikalegea mabegani mwake. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alikuwa amemkumbuka bibi yake, aliyekuwa akimwambia siku ukikutana na Mluguru shika kofia yako. Akanyoosha mkono, akaomba maiki, Koleta akampa.

"Nyinyi Waluguru!" akasema, na sauti haikuwa tena ya mratibu. "Mnakaa kwenye miteremko mpaka mahindi mnapanda kwa manati! Kuku wenu mnawafunga kamba wasibingirike! Halafu mnaniulizia barabara? Barabara ikiwekwa kwenu itateleza yenyewe irudi mjini!"

Uwanja wote ukasimama. Vigelegele, ngoma, kofia zinarushwa juu. Na katikati ya kelele hizo ndipo msafara wa mgombea wa urais ulipoingia. Akaona umati unaruka na kulia kwa kicheko, akaamini ni kwa ajili yake, akatokeza juu ya paa la gari akapunga mikono yote miwili, akiwa na furaha ya kweli. Hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia. Maganga akampokea na kiatu kimoja.

Meza ya Koleta haikutajwa tena. Maganga alikomboa kofia na kiatu kwa mbuzi, tukamla sokoni, bwana soko alikula kuliko wote. Tangu hapo Maganga kila wiki alipita mezani kutukanwa, akanunua kabichi moja, akaondoka amefurahi. Uchaguzi ulipokwisha na matokeo yakatangazwa, nilimuuliza kila mtu niliyemjua kura yake ilikwenda wapi. Hakuna hata mmoja aliyesema amenunua kabichi, na kabichi zilikuwa zimekwisha. Asubuhi hiyo Koleta alishika maiki, akatundika mizani tupu, akasema, "Mmeichukua wenyewe. Sasa pikeni." Kisha akatangaza baiskeli ya mtu imezuia mlango.

Aliendelea kupima chaguzi zote zilizofuata, na kukosea sikumsikia akikosea. Mzee Salehe alifariki akaniachia bisibisi yake na mstari mwekundu. Tarumbeta zikawekwa stoo, yakaja masanduku yenu haya meusi yenye taa za buluu. Agnesi akawa mwalimu. Na mwaka huu, uchaguzi mwingine unakaribia, Agnesi akanipigia simu kwamba mama amelala.

Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho, ingawa niliwaambia naenda msibani tu. Nilizitoa stoo tarumbeta mbili za zamani na amplifaya ya Mzee, tarumbeta nikazipuliza kwanza kwa sababu ya nyigu, nikapanda na vyombo vyote Mgeta. Ule mpichesi bado upo. Nikazifunga palepale, zinatazama bonde.

Misa ilipokwisha, jeneza likatolewa kuelekea makaburini, tukakuta njia imezibwa pale karibu na mpichesi, penye vyombo vyangu. Mzee mmoja amekaa katikati ya njia kwenye kigoda, mkongojo pembeni, amejifunga kanga ya Koleta kichwani, amevaa rozari ya Koleta, ameshika maiki yangu, na mbele yake ametundika mizani kwenye fito. Alikuwa Bwana Maganga. Alikuwa amepanda basi kutoka Tabora, halafu lori la mboga, kisha akabebwa. Padre, naye Mluguru, akafunga kitabu akasubiri, maana mtani akizuia njia, njia imezuiwa.

"Haipiti!" akasema Maganga kwa sauti nyembamba ya Koleta, tena aliipatia mpaka Agnesi akashika mdomo. "Wateja wangu, habari za asubuhi. Huyu bibi anakwenda kaburini kabla hajatuambia safari hii nani anashinda. Huo ni wizi! Leteni mboga nipime mwenyewe." Watu, machozi mashavuni, wakaanza kucheka. Akapima karoti, akapima nyanya, akawasema wagombea wa sasa mmoja mmoja, hata wa chama chake hakumwacha. Halafu akapewa kabichi.

Akaitundika. Mizani ikashuka. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu.

Nilidhani waya umekatika. Nikakagua betri, nikakagua waya wa maiki, vyote vizima. Nikainua macho, nikamwona mzee ameikumbatia ile kabichi na mizani yake, mabega yanacheza. Nami nikalia, tena kwa sauti, wala sioni haya kuliandika. Nilimpenda yule mwanamke kwa miaka yote ile kama dada yangu, na sikuwahi kumwambia, maana angenitangaza sokoni.

Maganga akafuta uso kwa kanga ya marehemu. Akanitafuta kwa macho pale kwenye mpichesi.

"Fundi," akasema. "Ongeza. Ng'ambo hawasikii."

Nikashika kitasa nikakizungusha mpaka mwisho, nikauvuka mstari mwekundu wa Mzee Salehe kwa mara ya kwanza maishani. Tarumbeta zikatetemeka juu ya mti.

"Hii kabichi hapa!" Maganga akanguruma, kwa sauti yake mwenyewe sasa. "Nani anaichukua?"

Mteremko wa ng'ambo, wanawake waliokuwa wanashuka na kuni na ndizi za msibani wakasimama. Kisha mmoja wao, binti mdogo ambaye hata kuzaliwa hakuwa amezaliwa siku ile Koleta alipoinuka shambani, akatua mzigo wake, akaweka mkono kiunoni, akajibu bila kipaza sauti chochote:

"Ileile ya mwaka ule?"

Maganga akainuka kwenye kigoda, akasogea pembeni, na jeneza likapita.